Jiji la Mizizini Halikuwa na Makaburi

Wanangu, mmeniuliza namna ya kumchora shujaa anayeruka. Hilo sitawafundisha. Kwanza silijui vizuri, na pili si kazi ngumu. Mtu anayeruka ni yuleyule aliyelala kifudifudi, ila umemwondolea kitanda. Kazi iko chini yake. Anaruka juu ya nini? Akichoka atatua kwenye paa la nani, na mwenye paa atasema nini? Mie nilikuwa fundi wa hivyo vya chini. Kwa miaka mingi nilichora jiji la Mizizini, ambalo halipo, na nililichorea hapahapa Kibiti, kwenye ua wa nyumba hii mnayokuja kuchajia simu zenu.

Wengi wenu mmezaliwa gazeti lenyewe limeshakufa. Lilikuwa gazeti la katuni lililopigwa chapa Dar es Salaam, na shujaa wake aliitwa Bamvua. Nyie mliokulia mbali na pwani, bamvua ni zile siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo maji ya bahari hujaa kupita kawaida, kisha hupwa kupita kawaida. Nguvu za Bamvua zilipanda na kushuka na maji. Maji yakijaa, anabeba lori na shehena yake. Yakipwa, kufungua soda ni shida. Watoto walimpenda kwa sababu hiyo. Kila mtoto anajua jinsi ilivyo kuwa na nguvu asubuhi na kuishiwa mchana.

Mie sikuanzia huko. Nilianza na vibao vya maduka. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na kila mwenye kibanda akataka jina lake lionekane barabarani. Baba yangu ndiye aliyekuwa mchoraji wa vibao. Macho yake yalipofifia, brashi ikaja kwangu. Watu walinung'unika kidogo kuona mwanamke juu ya ngazi, kisha wakazoea wakaniita Fundi Zuhura. Shida yangu ilikuwa moja. Sikuweza kuacha nafasi tupu. Muuza nyama alitaka ng'ombe na neno BUCHA. Nikampa ng'ombe, na majani anayokula, na mchungaji, na kijiji cha mchungaji, na wingu la mvua linakuja. Alisimama mbele ya kibao muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole kama neno BUCHA limo.

Mwaka mmoja mvua zilikata barabara ya kusini na mabasi yakakwama hapa Kibiti. Miongoni mwa abiria alikuwamo Bwana Sefu. Alikuwa mwembamba, ana wino chini ya kucha, na kila alipokaa alichora watu. Huyo ndiye aliyekuwa mtunzi na mchoraji mkuu wa gazeti. Alikula kwenye hoteli moja ambayo kibao chake kilikuwa changu, sahani ya pilau na nyuma ya sahani delta yote ya Rufiji na vijito vyake. Akauliza nani kachora, akaletwa kwangu.

Alinionyesha kurasa zake. Shujaa alikuwa mzuri kweli. Lakini jiji lake lilikuwa la vioo, moshi unatoka kwenye mashimo ya barabarani, na ngazi za chuma zimebandikwa ukutani kwa nje. Alikuwa amelitoa kwenye magazeti ya ng'ambo, na yeye mwenyewe hakuwahi kuona mji wa namna ile. Nikamuuliza watu wa hapo wanafua wapi. Alicheka. Kisha akaacha kucheka.

"Shujaa wangu anaruka vizuri, Bi Zuhura," alisema. "Ila hana pa kutua."

Barabara ilikuwa bado haipitiki, basi nikampeleka Nyamisati. Mama yangu alizaliwa upande ule, na nilimjua mkata boriti mmoja aliyeitwa Bakari, ambaye angetutembeza kwenye mikoko kwa mtumbwi wake. Bakari alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na alikuwa na tabia ya kucheka kabla hajamaliza masihara yake, kiasi kwamba hakuna aliyewahi kusikia mwisho wa hata moja. Sefu alimuuliza mambo ya kujaa na kupwa. Bakari akaacha kupiga kasia.

"Huku kwetu nguvu ni za maji, bwana," alisema. "Siku za bamvua, mtumbwi uliosheheni boriti nautoa peke yangu. Yakiwa maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, mnasukuma kijiji kizima na hautikisiki. Mtu ni yuleyule."

Sefu alimtazama. Mpaka tunarudi bandarini alikuwa amepata jina la shujaa, jina la adui wake, ambaye tulimwita Mafu, na jiji lililosimama juu ya mizizi ya mikoko.

Sasa sikilizeni namna ya kujenga jiji, maana hapa ndipo wengi wenu mnapobabaisha. Usianze na jengo refu. Anza na choo. Ukijua choo kiko wapi, utajua kisima hakiwezi kuwa wapi, na ukijua kisima, utajua wanawake wanapita njia gani, na njia hiyo ndiyo mtaa wako wa kwanza. Mie nilichora ramani ya Mizizini kwa chaki nyuma ya mlango wa chumba changu, ili muuza samaki wa toleo hili asihamie upande wa pili wa msikiti toleo lijalo. Wasomaji hawasamehi. Shujaa akipasua ukuta kwa kichwa, wanaamini. Duka likihama, wanaandika barua.

Tena angalieni mwezi wenu. Mara moja nilichora maji yamejaa hadi kwenye vizingiti, Bamvua anang'oa daraja, na juu angani nikaweka nusu mwezi kwa sababu ulipendeza. Bakari alinitumia salamu na abiria kutoka Nyamisati, kwamba nimuulize shujaa wangu hayo maji kayatoa wapi, maana nusu mwezi ni maji mafu. Nilikwangua mwezi ule kwa wembe katika kila ukurasa ambao haujaenda mtamboni. Kukwangua wino kwa wembe nyie hamkujui, na sikulaumuni. Mna kitufe. Ila kitufe hakikupi muda wa kufikiri kwa nini ulikosea.

Kazi yangu ilikuwa hivi: Sefu ananitumia kurasa kwa basi, watu na maneno vimo, nyuma kweupe. Najaza jiji, nafunga ndani ya nailoni, nampa kondakta. Sokoni, kwenye kona, juu ya rundo la boriti, nilimweka Bakari. Sikumwomba ruhusa. Nilihitaji mtu wa kukaa pale, mkono ukamchora yeye, mabega yale, mdomo wazi katikati ya kicheko. Alipojiona alifurahi mno. Tangu hapo kila soko lilipoonekana, Bakari yupo.

Na katika Mizizini hakuna aliyekufa. Ndivyo zilivyokuwa hadithi zile. Watu walianguka kutoka juu ya minara, wakapigwa radi, Mafu akakausha kijito na kuuacha mtaa mzima bila maji. Toleo lifuatalo wote wako sokoni wananunua nyanya. Sefu alisema mtoto akinunua gazeti ananunua na ahadi kwamba kesho watu watakuwepo. Sikuona ubaya. Nilikuwa nimechora choo, kisima, msikiti, shule ya yule mwalimu aliyempendeza Bamvua, ghala la korosho, hata mahali pa kunyolea. Sikuwahi kugundua kilichokosekana.

Bakari alikufa majira ya kusi, upepo wa kusini unapovuma. Walikuwa wanavusha boriti, chombo kikalemewa kwenye mlango wa mto, pale maji ya mto na ya bahari yanapogombana. Wenzake waliokolewa. Yeye hakuonekana. Walitafuta kwenye vijito vyote, mwishowe wakaacha.

Habari ilinifikia nikiwa nina kurasa mezani. Soko lilikuwamo. Nilikaa na brashi mkononi, kisha nikamchora mahali pake kama kawaida, kwa sababu nisingeweza kuchora lile rundo la boriti tupu. Na toleo lililofuata vivyo hivyo. Nilijiambia kwamba namkumbuka. Wala sikufikiri zaidi ya hapo.

Miezi ilipita. Siku moja ya mvua ya rasharasha akaja mwanamke, kajifunika kanga mbili, miguu ina tope la safari. Niliposikia jina lake, Somoe, nilijua ni mke wa Bakari, ingawa tulikuwa tumeonana mara moja tu. Nilimkaribisha, nikampa chai. Hakuigusa. Alitoa kifuani kurasa za gazeti letu, zimekunjwa, zinanuka samaki, akazitandaza juu ya mkeka. Zote zilikuwa za sokoni.

Nilidhani amekuja kunishukuru. Bakari hakuwahi kupigwa picha maishani. Nikaanza kusema kwamba ningeweza kumchorea moja kubwa, aitundike ukutani.

Kisha akanieleza. Bandarini Nyamisati gazeti lilikuwa likipita na abiria wa kwenda kisiwani Mafia, likabaki likisomwa mkono kwa mkono. Vijana walimwona Bakari, wakafanya masihara: hajafa, kahamia Mizizini, na kila mwezi anaonekana. Masihara yakatembea. Yakafika kwa watu wasiojua kusoma, ambao waliona sura yake kweli, wakauliza Mizizini iko wapi. Mmoja akasema kusini, karibu na mpaka. Mwingine akasema ana mke mwingine huko. Mpaka yakafika kwa kaka yake Bakari, Mzee Kibwana, aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Mzee huyo tangu mwanzo hakutaka kusema kwamba mdogo wake kafa. Maiti haikuonekana, alisema, tusimzike mtu aliye hai. Sasa akapata na picha.

Kwa hiyo hapakuwa na matanga, wala hitima. Somoe hakukaa eda, kwa sababu eda hukaliwa na mjane, na yeye aliambiwa si mjane. Nguo za Bakari zilikuwa bado kwenye kamba ya chumbani. Wanawake wenzake walimtazama kama mtu aliyeachwa. Alikuwa hana mume, wala ruhusa ya kumlilia.

Nilimwambia nitamtoa Bakari kwenye picha, asionekane tena.

"Ukimtoa watasema kahama," alisema Somoe. "Sikuja umtoe, dada. Nimekuja umzike."

Nilimwambia ile ni katuni tu. Alinijibu kwamba anajua, na kwamba yeye si mjinga. Lakini watu wamemwona anaishi pale, basi na wamwone anakufa palepale. Ndipo akanywa chai yake, iliyokuwa imekwisha poa.

Safari hii sikutuma kurasa kwa basi. Nilikwenda mwenyewe mpaka Dar es Salaam kwa Sefu, nikamweleza yote. Alitembea chumbani huku na huku. Alisema katika Mizizini hatujawahi kumwua mtu, na mwenye gazeti hatakubali, na watoto wataogopa. Kisha akakaa, akachukua karatasi, akaniuliza makaburi ya Mizizini yako wapi.

Hayakuwako. Mie niliyejisifu kwa choo na kisima, nilikuwa nimejenga jiji la watu wengi vile bila mahali pa kumlaza hata mmoja. Na halikuwa jambo la kuchomeka tu. Jiji lote lilikuwa juu ya mizizi, na maji ya bamvua yanapita chini ya kila nyumba. Huwezi kuzika hapo. Nilirudi Kibiti, nikamwita Somoe, tukaenda pamoja hadi vilima vya upande wa Ruaruke, ambako watu wa delta wana jamaa zao. Tulitembea tukitazama ardhi. Akachagua mahali penye mchanga mkavu, katikati ya mikorosho mizee, ambapo ukisimama unaona mstari wa mikoko kwa mbali. Nilipachora hapohapo nimekaa chini. Nilipofika nyumbani nikaongeza kilima juu ya ramani yangu, upande wa magharibi, na njia ya kupandia.

Somoe alikuwa na sharti moja. Katika picha, Bakari aonekane. Maji yamrudishe. Hakutaka hadithi ya mtu aliyepotea, hiyo anaijua.

Sefu aliandika hivi. Chombo kinazama wakati maji yanapwa, na Bamvua anafika hana nguvu. Anapiga mbizi mara kwa mara kama mtu yeyote, anachelewa. Wavuvi ndio wanaomkuta Bakari asubuhi kando ya kijito. Kisha jeneza linapanda kilimani. Juu kule maji hayafiki kabisa, kwa hiyo shujaa wetu ni mtu tu. Anapokea jeneza begani, anatembea hatua zake, anampisha mwingine. Ukurasa wa mwisho hauna neno hata moja. Watu wamezunguka kaburi, na mtu mmoja ameingia ndani kumpokea maiti.

Huyo wa kaburini nilimchora Mzee Kibwana. Nilikuwa nimemwona msikitini Nyamisati miaka ya nyuma na nilizikumbuka zile ndevu. Nilifikiri sana kabla. Nilijua anaweza kukasirika, na angekuwa na haki. Lakini nilijiuliza ni nani mwingine angeingia kumlaza Bakari, na sikupata jibu.

Gazeti lilipotoka nililipeleka mwenyewe. Mzee Kibwana alikuwa amekaa nje ya nyumba yake anashona wavu. Nilimwamkia, akaniitikia, akaniambia anajua mie ni nani. Alikuwa na maneno yake tayari. Alisema picha si ushahidi. Haithibitishi uhai, haithibitishi kifo, na kama watu wa hapa wamepumbaa, yeye hakupumbaa. Nikasema ni kweli. Nikamwekea gazeti kwenye mkeka, nikakaa pembeni.

Alifungua polepole. Alipofika ukurasa wa mwisho aliusogeza mbali na macho, kama watu wazima wanavyofanya, kisha karibu. Alijitambua. Niliona kidole chake kikifuata mikono yake mwenyewe, ile iliyochorwa, mpaka ilipoishia chini ya sanda. Wavu ukateleza mapajani.

"Mwanangu," alisema, "mie sikusema yu hai kwa sababu naamini. Nilisema kwa sababu mkubwa ndiye anayetakiwa kusema kafa, na mie sikuthubutu."

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, alisimama msikitini akawaambia watu kwamba mdogo wake Bakari amefariki, akawaomba wamswalie. Wakamswalia swala ya ghaibu, ya maiti asiyekuwepo. Jioni hitima ikasomwa kwake. Niliambiwa Somoe alilia kwa sauti mpaka akalala, na wanawake walimshika, na asubuhi alianza eda yake.

Mnapenda kuniuliza kama tulipata taabu. Tulipata. Wasomaji wa Dar es Salaam walimpenda Bakari kuliko nilivyodhani, na mwenye gazeti akataka arudi. Alisema katika katuni mtu hafi moja kwa moja, tafuteni njia: ndoto, dawa, pacha. Alimtuma Sefu hadi Kibiti kunibembeleza. Sefu alifika, akaeleza ujumbe wote bila kupunguza neno, maana ndio kazi aliyotumwa. Nilikataa. Nikamwambia anaweza kumpa mchoraji mwingine, ila ramani ya jiji inabaki kwangu. Akasema, haya, ujumbe umefika na jibu nimelipata, sasa nipe chakula. Bakari hakurudi.

Lililonishangaza lilikuja baadaye. Watu wa delta walianza kunitumia salamu kwa mabasi na kwa wenyeji. Kuna aliyepoteza mtoto mtoni, kuna ambaye ndugu yake alikwenda machimboni akapotea. Hawakuomba hadithi. Waliomba sehemu pale kilimani. Niliwachorea makaburi, madogo, nyuma ya watu, bila majina, na wenyewe walijua lipi ni la nani. Kama mkipata matoleo ya mwishomwisho, tazameni kwa makini. Bamvua anapigana na Mafu mbele, na kule juu makaburi yanazidi kuongezeka chini ya kivuli cha mikorosho.

Basi, wanangu, hilo ndilo nililo nalo. Siku hizi mnajenga miji mikubwa kwa dakika chache, na mashujaa wenu wanaibomoa na kuijenga tena. Sawa. Ila muulizeni kila aliyesimama nyuma ya shujaa wenu anakaa wapi na atalala wapi. Atawajibu, na majibu yake hayatapendeza kila mara.

Somoe alikuja kwangu tena, eda ilipokwisha. Alivaa kanga mpya na kuniletea kamba wakavu ndani ya kikapu. Tulipika pamoja, tukala, tukazungumza habari za kila namna, na jina la Bakari halikutajwa. Nilikuwa na kurasa mpya mezani, nimezigeuza chini zisionekane. Alizitazama kwa jicho la pembeni, akavumilia, mwishowe akashindwa.

"Hebu niambie, dada," alisema. "Huyu Bamvua na yule mwalimu wa shule, wataoana lini?"

Nikamwambia asubiri gazeti litoke, kama wenzake.